Saumu ya Matheka

Kanuni mpya ya maadili ilifika ofisini kwetu Jumatatu asubuhi, na kabla ya adhuhuri Matheka alikuwa ameanza safari ya kusilimu bila yeye mwenyewe kujua.

Shirika letu linachunguza kikohozi cha watoto wanaolala chumba kimoja na jiko. Lina ofisi katika nchi kumi na moja, na makao makuu yako Ulaya, kwa watu wanaojibu barua pepe kabla hujatulia kitini. Mimi Muthoki ndiye kiongozi wa timu ya Pumwani. Timu yenyewe ni mimi na Matheka. Kila Jumatatu na Alhamisi tunazunguka mtaa wa Majengo, tunawapa watoto kifaa wapulize, tunaandika pumzi zao zimefika wapi.

Kwa miaka miwili kazi hiyo iliendeshwa na chai. Ukiingia nyumba ya Majengo, utakunywa, na ukishakunywa ndipo mtoto ataitwa. Matheka, jirani yangu wa Komarock, ni mhudumu wa kanisa na mwili wake unaonyesha kwamba hajawahi kukataa sahani. Alijua nyumba ipi hupika kaimati siku gani, na ratiba yetu aliipanga kwa kufuata kaimati. Nilimwacha, kwa sababu ratiba yangu mimi haikuwa na mantiki yoyote iliyozidi hiyo.

Kisha mkubwa mmoja wa ofisi nyingine, nchi siitaji, akapelekwa likizo ya ufukweni na kampuni inayotuuzia vifaa. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Makao makuu yakaamua kwamba nchi zote ziwe na maadili ya pamoja, tukaitwa mkutanoni kwa mtandao. Wenzetu mmoja mmoja wakaeleza shida zao. Kuna waliokuwa wakipewa mbuzi, kuna waliokuwa wakipewa jibini, kuna waliopewa pombe ya mtama ambayo ukiikataa umelilaani boma. Mimi nikasema chai. Daktari Astrid, msimamizi wa maadili, alitusikiliza kwa subira, kisha akaamua kwamba kwa kuwa hatuwezi kukubaliana juu ya ukubwa wa mbuzi, kiwango kitakuwa sifuri. Mtafiti asipokee chochote kutoka kwa mshiriki. Sifuri, alisema, inaeleweka kila mahali. Kanuni ya pili ilikuwa kwamba mtafiti asimdanganye mshiriki, na hiyo tuliipitisha bila hata mtu kuwasha kipaza sauti.

Jumatatu hiyo kanuni ilipofika, nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Ruqiya. Bi Ruqiya anauza madera, analea wajukuu wawili, na neno lake ndilo neno la mtaa. Yeye ndiye aliyetufungulia Majengo. Akijitoa kwenye utafiti, majirani wote wanajitoa, na makao makuu yalikuwa yameshatuandikia kwamba kituo kikipoteza washiriki kitafungwa. Mimi nina karo ya watoto. Matheka ana Matheka wa kulisha.

Bi Ruqiya akaleta sinia: mahamri, mbaazi, chai ya iliki. Matheka alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Bi," akasema, "leo nimefunga."

Mimi nikadai nina vidonda vya tumbo.

Tulipotoka nje nilimgeukia. Nilimuuliza amefunga lini, na andazi la Komarock bado liko kwenye ndevu zake.

"Ilitoka tu, Muthoki," akasema. "Sasa ningemshow nini? Ati mahamri yake ni hongo?"

Alhamisi tukarudi, sinia likaja, Matheka akawa amefunga tena. Jumatatu iliyofuata vilevile. Sisi Wakamba wawili wa kanisani hatukukumbuka kwamba Jumatatu na Alhamisi ndizo siku za funga ya sunna. Majengo nzima ilikumbuka. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba yule mnene wa kifaa cha pumzi, Mungu amemgusa. Bi Ruqiya hakuuliza kitu, maana mtu anayeelekea kwenye heri hasukumwi. Alimwambia tu mwanawe Kadar kwamba Matheka akisilimu, jina la Muhsin lingemfaa.

Watoto wakaanza kumwamkia Matheka kwa salamu ndefu. Mimi nililetewa maziwa ya ngamia kwa ajili ya vidonda vyangu, nikayakataa bila kuitaja kanuni, nikaambiwa basi nitaombewa. Siku moja Wayua, mke wa Matheka, alikwenda Kariokor kununua viatu, na fundi mmoja anayeishi Majengo akampongeza kwa mumewe na kumuuliza kama na yeye atafuata. Jioni hiyo Wayua alinipigia simu. Aliniuliza, kwa ule upole wake wa kutisha, kama mke wa pili ameshapatikana au bado anatafutwa.

Nilimwambia Matheka tuseme ukweli. Akakubali, ila tuseme wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa ndiyo wiki ya Daktari Astrid kuja kuona kanuni inavyofanya kazi Pumwani.

Tulimpeleka kwa Bi Ruqiya Alhamisi jioni, saa ambayo majiko yanawashwa. Mlangoni nilisimama nikaona chumba kimejaa. Mkeka ulitandikwa, na juu yake tende, sambusa, kaimati, birika mbili. Majirani walikuwa wamekuja. Kadar alikuwa amemleta Ustadh Aweys wa madrasa. Bi Ruqiya alikuwa amevaa dera jipya, na alimtazama Matheka kwa macho ya mama anayeangalia bwana harusi.

Daktari Astrid aliniuliza kuna sherehe gani. Nikamjibu kwamba ni mambo ya kifamilia. Akafurahi kuona chakula chote hicho na mkono wa mtafiti hata mmoja haukigusi. Watoto wakapuliza, akaandika, akatabasamu. Nikaanza kufikiri tutapona.

Ndipo adhana ya magharibi ikalia. Bi Ruqiya akachagua tende moja, akaiweka katika kiganja cha Matheka kwa mkono wake mwenyewe, na chumba kizima kikageuka kumtazama.

Matheka akaitazama tende. Akiila, amevunja kanuni mbele ya aliyeiandika. Akiirudisha, ni mtu gani aliyefunga anayekataa kufungua?

"Bi," akasema, "sijafunga."

"Leo?"

"Siku zote. Nilidanganya."

Bi Ruqiya akanigeukia. "Na vidonda vyako?"

"Sina, Bi."

Hakuna aliyesogea ila Ustadh Aweys, ambaye alikuwa amefunga kweli, na aliendelea na sambusa yake kwa sababu njaa yake haikuhusika. Daktari Astrid alinivuta mkono akitaka tafsiri. Nikamtafsiria yote, na kwa mara ya kwanza sikupunguza kitu. Akasema kanuni haikututuma kudanganya. Nikamjibu kwamba haikutwambia pia la kumwambia mtu aliyesimama mbele yako na sinia.

"Nimekuombea kila sala," Bi Ruqiya alimwambia Matheka. Hakupandisha sauti. "Mngesema mmekatazwa, ningewatukana kidogo, yakaisha. Sasa nendeni."

Tukaenda. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa msichana. Wiki iliyofuata, kila mlango tuliobisha, mtoto alikuwa amelala, au yuko kwa shangazi, au amepona kabisa.

Daktari Astrid, nimsifu anapostahili, hakutufukuza. Alirudi kwao akaitisha mkutano wa nchi zote na kuuliza swali moja: tangu kanuni ianze, mnapopewa kitu mnasemaje? Nchi ya mbuzi ikakiri kwamba timu yake nzima imekuwa haili nyama. Nchi ya jibini, wote maziwa yanawasumbua. Nchi ya pombe ya mtama walikuwa wanatumia dawa, na dawa hiyo haiishi. Nchi kumi na moja, na hatimaye tulikuwa na kiwango kimoja cha pamoja: sote tulikuwa waongo.

Kanuni ikaandikwa upya. Kinacholiwa papo hapo, mbele ya wote, kinaruhusiwa.

Tulimpelekea Bi Ruqiya habari hiyo kwa furaha, kama watu waliobeba posa. Alitusikiliza akikunja madera. Akasema watoto watapuliza, kwa sababu kikohozi ni chao na wala si chetu, na majirani atawaambia. Nilishusha pumzi. Kituo kilikuwa kimepona. Wajukuu wakaitwa, wakapuliza, tukaandika, tukangoja.

Hakuna kilicholetwa.

"Chai ya ruhusa sina," alisema Bi Ruqiya, akiendelea kukunja. Iliniuma, nami sikuwa na wa kumlaumu. Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, akamwita Matheka. Akamwambia aje Jumapili asubuhi, bila kifaa, pamoja na mkewe, apate kumwona huyo Wayua.

Nilimtazama Matheka nikimwomba kimoyomoyo aseme ndiyo na anyamaze.

"Jumapili asubuhi siwezi, Bi," akasema. "Niko kanisani, mimi ndiye naonyesha watu viti. Hadi saa nane."

Bi Ruqiya aliliweka dera chini.

"Basi njoo saa tisa," akasema. "Hilo nimeliamini."