Maneno ya Kichuguuni

Mwalimu Klementina alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na vitabu vya Kiingereza. Ukifungua ukurasa wa kuripoti maneno ya mtu, unakutana na bwana fulani wa Ulaya aliyesema kwamba amepoteza mwavuli wake. Mtoto wa kijijini Chita, ambaye mvua ikimkuta hujifunika kipande cha nailoni, ana habari gani na mwavuli wa bwana huyo? "Leteni maneno ya nyumbani kwenu," mwalimu aliwaambia wanafunzi wake. "Baba kasema nini, mama kasema nini, njooni nayo hapa tuyageuze kwa Kiingereza." Sharti lake lilikuwa moja: maneno ya mtu hayaongezwi wala hayapunguzwi. Yakiwa ya kijinga, yabaki na ujinga wake.

Hakuna aliyelipenda zoezi hilo kama Devota. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, aliyefeli Kiingereza mwaka uliopita, na chuo cha uuguzi alichokitaka kilimrudishia fomu zake bila maelezo mengi. Baba yake, Valentino, mkulima wa mpunga, akamleta Mlabani, mjini Ifakara, kwa mwalimu pamoja na gunia la mchele na jogoo aliyefungwa miguu. "Mwalimu, nakuachia nesi wangu," alisema. "Nirudishie anaongea Kizungu." Tangu Februari binti aliishi nyumba moja na mwalimu, akirisiti masomo matatu. Mawili alishayamaliza. Kiingereza kilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi.

Daftari lake lilijaa maneno ya Valentino. Shamba la mzee huyo lilikuwa bondeni, mbali na kijiji, na msimu wa kulima yeye na mkewe Luciana walihamia huko. Simu haikushika mpaka upande juu ya kichuguu kimoja kikubwa na kuelekeza uso Ifakara. Kila Jumapili jioni Valentino alikipanda kichuguu hicho akampigia binti yake, na kila Jumatatu Devota alikuja mezani na sentensi mpya. Baba alisema kwamba nguruwe pori walikuwa wamemchosha. Baba alisema kwamba mama alikuwa amemnunia kwa sababu ya chumvi. Baba aliuliza kama manesi wanaruhusiwa kuolewa. Mwalimu alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasahihisha vitenzi kwa kalamu nyekundu.

Jumatano, siku moja kabla ya mtihani, saa nne asubuhi, simu ya Klementina iliita akiwa ofisi ya walimu. Alikuwa Hermenegildi, mdogo wake Valentino.

"Mwalimu, kaka hatunaye."

Valentino alianguka shambani Jumatatu, akiwa na jembe mkononi. Upande mmoja wa mwili ukafa, ulimi ukafungwa. Walimbeba hadi nyumbani Chita, wakatafuta gari la kumpeleka hospitali, na alfajiri ya Jumatano, gari likiwa bado halijafika, akakata roho. "Shemeji alikaa naye siku mbili anamsihi aseme hata neno moja," Hermenegildi alisema. "Hakusema. Alikuwa anamtazama tu."

Klementina alikaa kwenye benchi bila kujua kama alikuwa amesimama.

"Devota asiambiwe," sauti iliendelea. "Tumekaa, tumekubaliana. Afanye mtihani wake kwanza. Akitoka, mpandishe gari, mwambie baba anaumwa. Tunazika kesho saa kumi."

"Kaka Hermenegildi, nitakaa naye vipi nyumba moja mpaka kesho?"

"Utaweza. Wewe ni mwalimu."

Watu wana imani ya ajabu na walimu. Wanadhani anayejua kushika chaki anajua kushika kila kitu. Klementina hakuwa ndugu, hakuwa na sauti katika kikao cha Chita, na kwa haki kabisa hakuona walikosea wapi. Ukimwambia mtoto leo, kesho ataandika nini kwenye karatasi? Na asipoandika, mwaka mwingine, jogoo mwingine, na baba wa kumleta hayupo. Lakini ukimficha, ndiyo umemfanya mtu mzima apige mswaki na kunywa chai hajui kwamba ni yatima. Aliligeuza jambo hilo mchana kutwa na kila upande lilimchoma.

Alipofika nyumbani, kitu cha kwanza alimwomba Devota simu yake, aliyoizima tangu asubuhi ili asome. "Mpaka umalize mtihani," alisema. "Nisikuone unachati." Binti akaitoa bila kinyongo. Mwalimu akaitia ndani ya pochi, na humo pole za nusu ya Chita zilikaa zikingoja mtu aiwashe.

Jioni waliketi mezani. Dirisha lilikuwa wazi, jirani anakaanga samaki. Klementina alisoma maneno, Devota akayageuza, na siku hiyo binti hakukosea hata moja. Ndilo lililomtesa mwalimu kuliko yote. Kwa miezi tisa alikuwa anaisubiri siku hii, na imekuja, naye hawezi hata kutabasamu.

"Madam, unaumwa?"

"Kichwa kidogo."

"Basi tumalizie. Nimebakiza sentensi moja, ya bahati." Devota alifunua ukurasa mpya. "Hizi za baba zote nimeshazikariri. Nataka ya leo. Naomba simu mara moja tu, nimjaribu."

"Leo si Jumapili."

"Anajua kesho nina mtihani. Huenda amepanda."

"Usimpigie, Devota."

"Kwa nini?"

Kulikuwa na majibu kumi ya kumfaa mtu mwenye akili zilizotulia. Mtandao mbovu. Salio limeisha. Lala mapema. Klementina aliyakosa yote kumi, akashika la kumi na moja.

"Nimeshaongea naye mimi," alisema. "Alinipigia jioni hii hii, nikiwa njiani."

Uso wa Devota ulichanua. "Amepanda kichuguu siku ya kazi? Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

"Akasemaje?"

Sasa angesema nini? Kwamba amekusalimu, basi? Mtoto yule alikuwa ameshika kalamu. Na mwalimu alimjua Valentino, alikuwa amesahihisha maneno yake miezi tisa, alijua namna yalivyotembea. Yakaja yenyewe, na alipoyasikia kinywani mwake aliogopa yalivyofanana na ya mwenyewe.

"Alisema, mwambie nesi wangu asiogope karatasi. Karatasi haina meno. Alisema, mimi leo nimechoka, napumzika, lakini namuwaza."

Devota alicheka kwa sauti. "Haina meno! Huyo ni baba kabisa." Akainama, akaandika kwa Kiingereza, polepole, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo. Akamsogezea mwalimu daftari. Hapakuwa na kosa lolote. Klementina aliweka alama ya vema, na mkia wake ukavuka mstari.

Kesho yake saa tano Devota alitoka chumba cha mtihani mbiombio. "Madam, yalitoka! Maswali matano mazima ya kuripoti, nimeyala yote!" Nje ya geti palikuwa na gari, na ndani yake Jofrey, binamu yake kutoka Chita, ambaye hakushuka kumsalimia. Binti alilitazama gari, akamtazama Jofrey, akamgeukia mwalimu.

"Baba yako anaumwa," Klementina alisema. "Tunakwenda kumwona."

Ni sentensi inayojulikana na kila mtu. Kwetu mwenye msiba haambiwi kifo kwa simu wala njiani. Njiani mgonjwa anazidiwa tu, anazidiwa mpaka ufike uwanjani ukute maturubai. Wote tumeshaisema, wote tumeshaambiwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kudanganyika nayo. Devota naye hakudanganyika. Hakupiga kelele. Aliingia kiti cha nyuma, akaweka mkoba wenye kalamu magotini, na gari likavuka mto Lumemo.

Walipokipita kijiji cha Mbingu ndipo aliposema. "Lakini jana alikuwa mzima. Alipanda kichuguu."

Jofrey, mikono kwenye usukani, alimwangalia mwalimu kwa pembe ya jicho. Mwalimu akaangalia mashamba ya miwa, na yalipokwisha akaangalia ya mpunga.

"Alisema amechoka," Devota aliendelea, machozi yakishuka bila kupanguswa. "Alijua. Ndiyo maana akapanda siku ya kazi. Alikuwa ananiaga, Madam, na mimi nikacheka."

Mara mbili Klementina alivuta pumzi ili aseme. Mara ya kwanza gari liliingia shimoni, wakarushwa. Mara ya pili hapakuwa na shimo, palikuwa na woga tu. Angesema nini? Kwamba baba yako hakukuaga, hakumuaga mtu yeyote, maneno unayoyakumbatia nimeyatunga mimi kwa sababu nilikosa jibu? Nyuma yake alimsikia binti akiyarudia chini chini, kama alivyomfundisha, bila kuongeza wala kupunguza. Alijichukia, na kujichukia kwenyewe hakukumsaidia mtu.

Uwanja wa nyumbani Chita ulijaa watu. Devota alishuka gari likiwa bado linatembea, na kilio alichokibana kuanzia Ifakara kikamtoka chote mlangoni. Wanawake walimpokea, wakamwingiza ndani, wakamweka kwenye godoro kifuani mwa mama yake. Luciana alikuwa amelia siku tatu, hakuwa na sauti tena. Alimshika mwanawe kichwa akawa anamtikisa taratibu.

Klementina alikaa karibu na mlango, kwenye ncha ya mkeka, karibu na viatu vya watu. Alitamani aonekane kama mmoja wa wageni. Kwa muda aliamini Mungu amempa nafasi hiyo.

"Mama," Devota alisema, "jana jioni baba aliongea na Madam."

Kila mwanamke aliyekuwa mle ndani alijua Valentino alikufa jana alfajiri. Wawili walikuwa wamemwosha kwa mikono yao. Hermenegildi, aliyekuja mlangoni kuagiza mwili utolewe, aliinamisha kichwa, akasahau alilolifuata.

Luciana aliinua macho, akamtafuta mwalimu mpaka akamwona. Klementina alingoja. Kama angetukanwa angepokea, kama angefukuzwa angetoka, na moyoni aliomba iwe mojawapo, ili jambo liishe.

"Jana jioni?" Luciana aliuliza kwa kile kidogo kilichobaki cha sauti yake.

"Ndiyo, mama. Alipanda kichuguu."

"Alipanda kichuguu." Mkono aliokuwa akimshikia mwanawe ndio uliomlisha mumewe uji kwa kijiko siku mbili, uji wote ukamshukia shavuni. "Akasemaje?"

Devota aliyasema. Karatasi haina meno. Leo nimechoka, napumzika, lakini namuwaza.

"Rudia."

Akarudia. Luciana alifumba macho akasikiliza mpaka neno la mwisho, na mdomo wake ukacheza pembeni, pale ambapo kwa mtu mwingine, siku nyingine, kingekuwa kicheko. Kisha alimlaza binti kwenye godoro, akajivuta juu ya mkeka, akiwapita wanawake waliokunja miguu kumpisha, akamfikia mwalimu, akakamata upindo wa kitenge chake.

"Na mimi, mwalimu?" alisema. "Mimi hakunitaja?"

Alikuwa akijua. Aliyafumba macho ya mumewe kwa vidole vyake mwenyewe, saa yake anaijua, na bado aliuliza, na bado aling'ang'ania kitenge. Miaka kumi na minane Klementina aliwafundisha watoto wa watu kufikisha maneno jinsi yalivyosemwa. Nje kwaya ilikuwa imeanza, na Devota alikuwa ameinua kichwa ili naye asikie.

"Alikutaja," Klementina alisema.

Luciana akasogea karibu zaidi, akaweka sikio, akangoja.