Acha Chopin Akohoe

Kwetu Łomża, mji wa Poland, meza ya mkesha wa Krismasi huwekwa sahani moja ya ziada. Ni ya mgeni yeyote atakayebisha hodi, awe msafiri aliyepotea au mlevi aliyefukuzwa na mkewe, na haruhusiwi mtu kumuuliza anatoka wapi. Tangu nizaliwe hajawahi kubisha mtu. Ndiyo maana Baba akabuni mchezo wake: tukisubiri nyota ya kwanza itokeze ndipo tule, kila mmoja anataja mtu maarufu, aliye hai au aliyekufa, ambaye angemkalisha kwenye kiti hicho.

Mwaka huu nilifika nikiwa tayari nimefura. Aliyekuwa akiiweka sahani hiyo siku zote ni Bibi Leokadia, mama mzazi wa Baba, na safari hii hakuwepo. Kiharusi kilimpiga mkono wa kulia, wakampeleka nyumba ya wazee ng'ambo ya mto. Nilimpigia Baba simu nikimwomba tumlete japo kwa mlo huu mmoja. Akasema Bibi atachoka. Nikamwambia nitamfuata mwenyewe. Hapo ndipo alipotoa la moyoni: shangazi Bożena amenunua kitambaa kipya cha meza, cheupe, na mkono wa Bibi unamwaga supu.

Kitambaa! Nilikaa mbele ya hicho kitambaa nikitamani kukivuta na vyombo vyake vyote.

"Naanza mimi," alisema Baba huku akisugua viganja. "Kopernik, yule mwanafalaki! Namshibisha, kisha namtoa nje, namwambia, haya mzee, nionyeshe hizo nyota zako."

"Kila mwaka Kopernik, kaka, humchoki?" alisema shangazi Bożena. "Mimi namtaka Chopin."

"Aje kufanya nini? Piano unayo?"

"Ale tu, wee! Nimwangalie vidole."

Mama alicheka akiwa jikoni. "Mtamuua huyo. Na kile kikohozi chake, dirisha lenyewe linapitisha baridi."

"Basi tutamkalisha karibu na jiko," alisema Baba. "Nitampa kiti changu."

"Na akikohoa juu ya supu?"

"Acha akohoe!" Shangazi alipiga meza. "Chopin huyo! Hata akitapika, nitamfuta mimi kwa mikono yangu."

Wakacheka wote mpaka Baba akafuta machozi. Mimi damu ilinichemka.

"Na Bibi je?" niliuliza.

Kicheko kikakatika.

"Kinga, binti yangu, usianze," alisema Baba.

"Naanza. Maiti mnamtafutia kiti penye joto. Mama yako yuko hai, yupo hapo ng'ambo tu, na umemfungia nje kwa ajili ya kitambaa. Huoni aibu?"

"Tulishaongea hayo."

"Uliongea wewe!"

"Jamani, nyota imetoka," alisema Mama kwa sauti ndogo. Hakuna aliyegeuka dirishani.

Nilichukua ufunguo wa gari, nikaubamiza mlango kiasi kwamba kengele za kwenye mti wa Krismasi zililia.

Bibi nilimkuta ameketi kitandani, amevaa koti lake zito, kofia kichwani, mkoba mapajani.

"Nani kakwambia nakuja?" nilimuuliza.

"Hakuna. Nilivaa tu."

Ningelia, lakini nilikuwa na hasira mno. Nilimpakia garini, tukavuka daraja. Tulipofika mlangoni nikakataa kutumia ufunguo wa nyumba.

"Piga hodi, Bibi."

"Nyumba ya mwanangu hii."

"Leo piga hodi."

Akagonga kwa mkono wa kushoto. Baba alifungua, akatutazama, akafumbua mdomo.

"Mgeni haulizwi anatoka wapi," nilimwambia. Akatupisha.

Bibi akaketi penye sahani ya ziada. Chakula hakikuwa kimeguswa. Shangazi Bożena akaanza kubabaika.

"Mama, tulikuwa tunacheza ule mchezo. Wewe ungemwalika nani? Mtu maarufu, hai au mfu."

Bibi aliweka mkoba wake mapajani.

"Zdzisiek," alisema.

"Zdzisiek yupi?"

"Mwanangu. Kule kwetu ni maarufu sana. Manesi wote wanalijua jina lake, namtaja kila siku. Ila kumwona ndiyo hawajamwona hata mara moja."

Baba, Zdzisiek mwenyewe, alikuwa mkabala naye, kichwa kimeinama. Masikio yalikuwa mekundu. Hatimaye akanyanyuka na kile kimkate chembamba cha Krismasi, ambacho kwetu watu humegeana na kusameheana kabla ya kula. Akamnyooshea mama yake.

"Mama, nilikuwa nina..."

"Kazi nyingi. Najua." Bibi akamega kipande kidogo, akakitafuna polepole, asimwambie kwamba amemsamehe wala kwamba hajamsamehe. "Kaa. Supu inapoa."

Sikumhurumia. Sijamhurumia hadi leo.

Bibi akachota supu ya bitiruti kwa mkono ule mgonjwa. Kijiko kilifika nusu ya njia, kikamwagika. Shangazi Bożena alinyoosha mkono kuchukua leso, kisha akaurudisha. Doa jekundu likaenea juu ya kile kitambaa mpaka mbele ya sahani ya Baba, na Bibi akachota tena.