Kiazi cha Nyongeza

Binti yangu alikuwa karibu kurudi kazini, na imani na mimi hakuwa nayo. Si kwamba hanipendi. Ndiye aliyenitumia tiketi nije huku ugenini nimlelee mtoto. Lakini tangu nilipobonyeza kengele ya hatari ndani ya lifti nikidhani ni ya kufungulia mlango, ananitazama kama yai lililo ukingoni mwa meza.

"Mama, maziwa ya mtoto yakiisha na mimi niko kazini, utafanyaje?"

"Nitambeba mume wangu mgongoni, twende zetu dukani."

Mume wangu ni huyo huyo mjukuu. Babu yake Mungu alimpenda zaidi, akaniachia huyu asiye na meno.

"Lugha ya hapa hujui, Mama."

"Najua asante. Najua samahani. Mtu mwenye adabu anahitaji nini tena?"

Hakucheka. Akasema basi, niende supamaketi peke yangu. Nikienda na kurudi bila kumpigia simu, ataniachia mtoto. Nikishindwa, mtoto atapelekwa kwa walezi wa kulipwa, nami nitakatiwa tiketi ya kurudi nyumbani.

"Si adhabu, Mama. Naogopa tu. Likitokea jambo, utamwambia nani, na kwa maneno gani?"

Nikafunga kilemba changu vizuri, nikamwomba Mungu anitangulie, nikatoka.

Duka lenyewe kubwa kama ghala, na baridi yake inakausha pua. Watu kimya, kila mmoja na kitoroli chake, utadhani wako msibani. Mimi nimezoea nikinunua viazi nimjulie hali muuzaji na mama yake mgonjwa, tugombane bei, tununiane, tupatane. Hapa viazi vimekaa peke yao kama mayatima.

Nikasimama pembeni nikawatazama wengine, maana macho hayana pazia. Kumbe unachagua, unatia kwenye mfuko, unaweka juu ya mizani, unabonyeza picha ya kiazi, mizani inatoa karatasi ya bei, unaibandika. Nami nikafanya vivyo hivyo. Karatasi ikatoka! Nikamshukuru Mungu kwa sauti hadi mzee aliyekuwa kwenye karoti akashtuka.

Ikabaki nyongeza. Kwetu, muuzaji akishapima huongeza kimoja juu, ili mteja aridhike na kesho arudi. Sasa hapa muuzaji hayupo. Nikaona, basi, kazi hiyo nimeachiwa mwenyewe. Nikachagua kiazi kidogo, nisionekane mroho, nikakitia kwenye ule ule mfuko wa viazi nilivyokwisha kupima, nikaenda kwenye foleni.

Keshia alikuwa msichana mwenye kucha za buluu. Akaweka mfuko wangu kwenye mizani yake, akakunja uso. Akapima tena. Akanitazama, akatazama karatasi, akabonyeza kengele. Akaja mlinzi, pande la mtu, akanionyesha karatasi, kisha viazi, kisha mimi. Hapo sikuhitaji mkalimani. Mwizi! Mimi, na mvi zangu hizi!

Mlinzi akaweka mkono sikioni: nipige simu kwa mtu wangu. Simu ilikuwa mkobani. Nikaishika. Nikamfikiria mume wangu analia mikononi mwa watu asiowajua, na mimi niko kwenye ndege. Nikaiachia.

"Samahani," nikasema kwa lugha yao. Halafu maneno yakaniishia, nikaingia kwa vitendo.

Nikajifanya muuzaji, nikapima viazi kwa mikono. Nikahamia upande wa pili nikawa mteja: nikanuna, nikasonya, nikaondoka zangu kwa maringo. Nikarudi kuwa muuzaji, nikamwita mteja kwa kupiga makofi, nikachukua kile kiazi kidogo nikampa. Nikawa mteja tena, nikakipokea kwa mikono miwili, uso wote meno. Mwisho nikamgeukia keshia, nikamwonyesha kule penye viazi, pasipo na muuzaji.

"Hukuwepo pale, mwanangu," nikamwambia kwa Kiswahili changu. "Ningefanyaje? Nikajipa mwenyewe."

Kisha mwanamke wa nyuma yangu, mgeni kama mimi, maana lugha ya hapo aliivunjavunja kama kuni, akaangua kicheko. Akajipiga kifua, akaonyesha mbali huko: hata kwao nyongeza ipo! Akamweleza keshia kwa shida, akichota hewa na kuongeza juu. Keshia akashika mdomo. Mlinzi alijitahidi kukaza uso, ukamshinda, akacheka hadi kofia ikaanguka. Foleni nzima ikawa harusi, kila mtu anasema na jirani yake.

Kiazi kikapimwa pamoja na wenzake, nikakilipia kwa moyo mweupe. "Asante," nikasema. Mlinzi akanibebea mfuko mpaka mlangoni.

Binti yangu alinisubiri kizingitini, mtoto mkononi. "Mbona umekawia?"

Ningeweza kuficha, lakini njia ya mwongo ni fupi.

"Nilikamatwa."

Nikamsimulia yote, na kuigiza nikaigiza, pamoja na kusonya.

"Mlinzi, Mama? Mlinzi kabisa?"

"Tena pande la mtu."

"Na hukunipigia!"

"Ningekupigia ukafanye nini? Tulikuwa tumeshaelewana."

Akakaa chini sakafuni akacheka, na machozi yakamtoka. Yale mengine hayakuwa ya kicheko, nikajifanya sioni. Akajifuta, akanikabidhi mtoto.

"Mshike mume wako," akasema. Akaenda kabatini, akatoa sare yake ya kazi, akaanza kuipiga pasi.