Ngazi ya Kanisa la Kakuma

Jumapili, tarehe 15 Agosti 1976. Asubuhi upepo ulivuma na vumbi, na jua likachoma kabla ya ibada.

Niliingia Kakuma jana kwa lori kutoka Lodwar, ninakosoma darasa la jioni. Mimi ni fundi mwashi, nina miaka arobaini na sita. Alhamisi Mwalimu Barasa alitufundisha kwamba zamani mno, kabla ya watu, dunia iliwahi kuwa na joto zaidi kuliko leo. Wataalamu wanadhani hewa ya ukaa ilikuwa nyingi angani, ikazuia joto lisitoke. Miti iliyogeuka jiwe, alisema, ni kumbukumbu ya misitu ya enzi hizo.

"Kule Kakuma mzee Ethuro aliahidi kutuonyesha mti mmoja wa jiwe," akasema. "Mwaka jana nikaleta wataalamu kutoka Nairobi. Hapakuwa na kitu. Mwongo yule, alitaka tumbaku tu."

Darasa likacheka.

Mti ule niliuvunja mimi, huko porini, mwaka niliobatizwa, Ethuro akiwa mbali na mifugo. Wachungaji wa mbuzi walikuwa wakiuwekea tumbaku wakipita, nami nikaona ni sanamu. Niliupiga nyundo siku tatu nikiimba zaburi, kisha vipande nikavijengea ngazi ya kanisa na kuvifunika kwa saruji. Nilimwomba Mungu aipokee kazi yangu. Sikumwuliza kama mti ule nao ulikuwa kazi yake.

Leo baada ya ibada nilimkuta Ethuro nje, ameketi kivulini.

"Ejok, baba," nikamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Umekuja kuona mti wangu? Lete tumbaku kwanza. Waongo nao hutafuna."

Waumini wakacheka. Nikamwambia yote, hapo hapo mbele yao, na kicheko kikakatika.

"Mke wangu alikufa mwezi wa sita," Ethuro akasema, "akiamini nilidanganya wageni. Kwa nini hukuuliza mtu?"

"Niliona najua."

"Basi mimi nifanye nini na maneno yako? Mwalimu wako anataka kuona kwa macho."

Lomuria, mzee wa kanisa, akanishika bega. "Ngazi hii imeshabarikiwa, Lotiir. Usiiguse."

Nilipanda juu ya ngazi, nikavua kofia, nikasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Mbele za Mungu na mbele yenu, kesho alfajiri nitaibomoa. Vipande nitavipeleka Lodwar pamoja na mzee Ethuro, na nitaliambia darasa zima ni nani aliyemfanya aitwe mwongo. Kisha nitarudi niwajengee nyingine, kwa mawe ya mtoni."