Barua ya Kunyimwa

Emérence aliporudi maktaba ya umma kwa mara ya tatu wiki ile, alikuwa amebakiwa na siku moja tu. Kesho jioni ofisi zikifungwa, jina la pilipili yake lingekuwa mali ya Josias.

Pilipili ya Koko aliianza mwenyewe kwenye jiko la mkaa huko Mengo, mwaka aliofika Kampala kutoka Butembo, Kongo. Alisaga, akachemsha, akajaza chupani, na kwenye karatasi ya kubandika akamchora huyo Koko, bibi yake, kwa mkono wake, kilemba kichwani, mchi mkononi. Josias alikuwa wa kupeleka chupa kwenye maduka ya Kisenyi, basi. Lakini asante ya punda ni mateke. Josias alikwenda kimyakimya kwenye ofisi ya kusajili majina ya biashara, akaomba jina na picha viandikwe kuwa vyake. Tangazo likatoka katika gazeti la serikali. Asiyekubali alipewa siku sitini za kupinga, na Josias, mtu asiye na haya, alingoja mpaka ya hamsini na sita ndipo akapiga simu kumwambia Emérence aache kupika.

Ili upinge, lazima ujaze namba ya tangazo na ukurasa. Bila hivyo karani wa usajili hapokei fomu. Na gazeti lenyewe, ambalo miaka yote lilining'inia karibu na mlango wa maktaba likisomwa na yeyote mwenye macho, tangu mwezi uliopita lilikuwa ndani ya kompyuta. Kompyuta nayo haifunguki mpaka uiandikie namba ya kitambulisho cha taifa. Emérence alikuwa na kadi ya mkimbizi. Aliiandika namba yake Jumatatu, akaiandika Jumatano, na leo Alhamisi akaiandika tena. Kila mara mashine ilimjibu kwa maandishi mekundu kwamba hatambuliki.

"Nyabo, mama yangu, hiyo kompyuta hapana taka namba yako," alisema Rehemah, mkutubi wa mapokezi. "Jana nilikuambia."

"Haitaki namba ao haitaki mutu?"

Rehemah mwenyewe, Mnubi aliyezaliwa Uganda na wazazi waliozaliwa Uganda, alipokwenda kuomba kitambulisho aliulizwa ametoka nchi gani. Swali hilo hakulisahau.

Nyuma ya Emérence foleni ya kungojea kompyuta hiyo moja ilikuwa imeanza. Ayoo, mwanafunzi wa kutoka hosteli za Wandegeya, akainama na kumnong'oneza. "Mama, tumia namba yangu tu. Watu wanafanya hivyo kila siku."

"Asante, binti yangu. Lakini Josias amebeba jina yangu, na miye nibebe yako? Hapana."

Ukaidi? Naam, ulikuwa ukaidi, tena wa kutosha kijiji kizima. Mfa maji haachi kutapatapa, wasemavyo, lakini huyu alikuwa amechoka kutapatapa. Alisogeza kiti mbele ya kompyuta, akakaa, akauliza yako wapi magazeti ya karatasi.

Yalikuwa stoo, yamefungwa kwa kamba, yakisubiri gari la kuyabeba kesho asubuhi yakasagwe. Mkuu wa maktaba, Bwana Obita, alitoka ofisini kueleza hayo kwa upole wa mtu anayetaka kurudi kwenye chai yake.

"Madamu, zile karatasi si za kusomwa tena. Zimefutwa kwenye daftari. Mambo yote ni kompyuta sasa."

"Miye pia nimefutwa mara mingi, shefu. Bado nasomeka."

Foleni ikacheka. Obita hakucheka.

"Siwezi kukusaidia," alisema.

"Basi niandikie barua."

"Barua gani?"

"Ya kuninyima. Andika: Emérence amekuya kusoma tangazo la serikali mu maktaba ya watu wote, tumemukatalia. Weka tarehe, weka sahihi, gonga muhuri. Kesho nitaipeleka kwa ile ofisi, waone kwa nini sikupinga."

Obita alikuwa amewanyima watu vitu vingi katika utumishi wake, lakini hata siku moja hakuwahi kunyima kwa maandishi. Kwa mdomo ni rahisi, maneno huenda na upepo. Alijifuta shingo kwa leso. Emérence hakuondoka kitini. Saa nzima ikapita, foleni ikafika mlangoni, na mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Mwandikie mama barua yake!" Wengine wakadakia. Obita akamkabidhi Rehemah ufunguo wa stoo bila kumtazama.

Rehemah alikata kamba na kufunua gazeti baada ya gazeti, hadi ukurasa wa kumi na saba. Koko alikuwa pale na kilemba chake na mchi wake, na chini yake jina la Josias kama mwenye mali. Emérence akalia kwa hasira, waziwazi, mbele za watu. Kisha akajifuta machozi, akanakili namba ya tangazo, akajaza fomu yake palepale mezani.

"Haya, madamu, safari njema," alisema Obita.

"Na barua?"

"Umeshasoma! Barua ya nini tena?"

"Nimesoma karatasi yenye gari itabeba kesho. Kompyuta bado imenikatalia. Wiki ijayo atakuya mwingine, na yeye hatakuta karatasi. Andika."

Obita aliingia ofisini kwake na kufunga mlango. Rehemah akavuta karatasi yenye jina la maktaba juu yake na kumwomba Emérence amtajie majina yake yote. Aliiandika ile barua taratibu, akagonga muhuri, na palipotakiwa sahihi ya mkuu akaweka yake mwenyewe.