Hapa Hakuna Kavindu

…na hivyo visiwa vyenyewe vya kwenda likizo bado hawajakubaliana, leo siku ya tatu, wanabishana tu huko mezani, Ishita anataka kile chenye nyumba nyeupe za kupigia picha, mumewe Kamlesh anataka Krete kwa sababu rafiki yake wa klabu alikwenda akarudi akijigamba, utadhani visiwa vitawakimbia, na Kavindu amesimama jikoni na chujio mkononi, tangawizi ameitwanga, iliki ameipasua, maziwa ameyatia, sasa ni kungoja tu chai ichemke, na kungoja ndiyo kazi anayoijua kuliko kufua na kupiga pasi, mwambie Ishita leo, anajiambia, mwambie ukipeleka chai, weka kikombe halafu usiondoke, sema, mama, samahani nikusumbue kidogo, hapana, ukishamwambia mtu unamsumbua amekwisha kusumbuka, sema tu, mama, nina msichana wangu huko, naye atauliza huko wapi, nawe utamwonyesha kwa kidole, maana ramani Kavindu ameiona, asubuhi akifuta meza aliikuta wameichora kwa kalamu nyekundu, mstari unaanzia pwani ya Uturuki, unaruka kisiwa hadi kisiwa kama mtoto anayeruka kamba, unaishia Saiprasi, na kando ya Saiprasi, upana wa ukucha, Lebanon, na nukta, Beirut, akaweka kidole juu ya ile nukta akakiacha hapo mpaka Ba, mama mzee wa Kamlesh, akauliza kutoka kitini kwake, "Mary, hiyo meza nafuta mpaka kesho?"

Mary, ndiyo, Mary… Mary alikuwa yule aliyemtangulia, akaolewa Kitui, jina likabaki msumarini pamoja na aproni, na siku ile ya kwanza Ba alimtazama Kavindu juu mpaka chini akasema majina mapya yanamchosha, huyu pia Mary, basi, wakacheka, naye akacheka, angefanyaje, mgeni hachagui kiti, na huu ni mwaka wa kumi na moja anaitika, hata akiota mtu anamwita Mary huamka, lakini si la Mary analowaza sasa, anawaza Nzisa, mwanawe wa pekee, aliye chini ya kidole kile, aliyepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya jengo moja nyuma ya River Road akaandikishwa na mama mmoja mwenye sauti tamu na faili la rangi ya waridi, akafungiwa wiki mbili katika nyumba ya mafunzo pale Mountain View, wakamfundisha mashine ya kufyonza vumbi na kusema ndiyo kwa Kiarabu, hapana hawakumfundisha, na Kavindu mwenyewe ndiye aliyemsindikiza uwanja wa ndege, mwenyewe kwa miguu yake, akamfunga leso shingoni akamwambia nenda mwanangu, mimi nimezeekea jikoni mwa watu nawe hujaona kitu… miezi ya kwanza alipiga kila Jumapili, halafu mara moja kwa mwezi, halafu Februari akapiga kwa haraka, ananong'ona na kucheka pamoja, anamwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, nimekuwa kama wewe kabisa, mwaitu, naitwa…" simu ikakatika, na Kavindu akaelewa, bosi wake anamwita, kazi ni kazi, akairudisha simu mfukoni, akaendelea kukunja mashuka, ah, alikunja mashuka, na tangu siku ile Nzisa hajapiga tena…

"Mary, chai bado?" Ishita huyo, "Inakuja, mama," na huko wanaendelea na Kigujarati chao kilichochanganywa na Kiingereza, miaka yote hii Kavindu amekiokota kipande kipande kama mchele uliomwagika, anasikia hoteli, anasikia feri, saa ngapi kutoka kisiwa hiki hadi kile, na Ishita anasema bila balkoni inayotazama bahari yeye haendi, aende Kamlesh na mama yake, na Kamlesh anacheka, wana furaha, si watu wabaya, hebu useme ukweli Kavindu, walikulaza hospitali ulipovunjika mkono, wakimwagiza rafiki yao yeyote huko aulize ataulizia, mtu wa mtaa wa matajiri kama Kitisuru hii akiuliza hujibiwa, si kama Wamucii, masikini Wamucii, binti wa Kikuyu anayefanya kazi huko huko Beirut na kuwatafutia watu watoto wao siku yake ya mapumziko, hamjui Kavindu wala Kavindu hamjui, lakini mwezi uliopita alikwenda mpaka kwenye lile jengo alikofanyia kazi Nzisa, akatuma ujumbe wa sauti, na Kavindu aliusikiliza chooni bomba likiwa wazi, "Mama, nimefika mpaka kwa mlango, huyo mzee wa kulinda amesema hapa hakuna Nzisa, hajawahi sikia hiyo jina, Mkenya alikuwa mmoja tu, anaitwa Linda, huyo alianguka kwa balkoni mwezi wa tatu akipanguza madirisha, akafa, aki pole yake, lakini si Nzisa, so usishtuke mama, labda bosi wake alihama," na Kavindu alipiga magoti pale pale kwenye vigae, si Nzisa, si Nzisa, amehama, simu imeharibika, amenyang'anywa, yote hayo yanasemeka, yote yana dawa, na Jumapili iliyofuata kanisani Kangemi akasimama kutoa ushuhuda, Mungu ni mwema, kanisa likaitikia, wakati wote, na pasta, mtu wa huruma, akasema tusifurahi peke yetu, kuna mama mahali fulani hapa Kenya anamlilia huyo Linda, hatumjui, Mungu anamjua, tumwombee Mama Linda popote alipo, na katika kanisa zima hakuna aliyemwombea Mama Linda kwa sauti kama Kavindu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alilia mpaka leso ikalowa, kisha akaenda kula chapati kwa dada wa kwaya, na akala vizuri.

Sasa simu ya geti inalia ukutani sebuleni, Kamlesh anainuka kwa kuguna, ni askari mgeni, Zedekiah wa siku zote amekwenda likizo na kampuni imeleta mtu asiyejua nyumba wala watu, "Eh? Nani?" Kamlesh anasema, "Mzigo ya nani? Kavindu?" na Kavindu anasimama wima, ni ndengu hizo, Kaloki kaka yake alisema atamtuma mtu na ndengu za shamba lao kutoka Makueni, anafungua mdomo aseme ni zangu, "Hapana, hapa hakuna Kavindu," anasema Kamlesh, wala hana hasira, anasema kama mtu anayetaja saa, "hakuna, hiyo jina sijawahi sikia, mwambie ni nyumba ingine," anarudisha simu, anarudi kwenye visiwa vyake, na Kavindu bado mdomo wazi, karibu acheke, hapa hakuna Kavindu, ndani ya nyumba ambayo hata panya wake anawajua, hajawahi sikia, hiyo jina hajawahi… hajawahi sikia hiyo jina… chujio limegonga ukingo wa sinki, nani kaligonga, ni yeye, mkono wake, Mkenya alikuwa mmoja tu, mmoja tu jengo zima, tulia, majina ni mengi, tulia mama, lakini ile sauti imerudi, inanong'ona na kucheka, nimekuwa kama wewe kabisa, kama wewe kabisa, mwaitu, naitwa, naitwa, hakuitwa na mtu siku ile, Mungu wangu, hakuna aliyemwita, alikuwa anataja jina, alikuwa anamwambia mama yake kichekesho, kwamba naye amekuta jina msumarini, naitwa, na neno lililobaki ni moja tu, na simu ikalikata, na mzee wa mlangoni akalimalizia miezi minne baadaye, na yeye akapiga magoti akashukuru, akashukuru jamani, akasimama mbele ya watu akashukuru kwa kifo cha mwanawe, akala na chapati…

Mezani wanacheka, wamerudia balkoni, Kamlesh anasema balkoni ina bei yake, Ishita anasema yeye atakaa pale asubuhi mpaka jioni akitazama maji, na Kavindu ameshika ukingo wa jiko kwa mikono miwili, Mama Linda popote alipo, walimwombea, kanisa zima lilimwombea, yuko Kitisuru, amevaa aproni ya mtu, anangoja chai, na yale maneno aliyoyatafuta siku tatu, mama, nina msichana wangu huko, yamepangika yenyewe sasa, hayana kigugumizi, na hayana tena wa kumtafuta, au yanaye, maana alizikwa wapi, kwa jina gani, nani alilia, na kwenye sufuria ukingo wa maziwa ndiyo kwanza unaanza kutoa vipovu vidogo, chai bado haijachemka, na kutoka mezani anaitwa tena, "Mary! Wewe Mary!" na Kavindu akatafuta sauti asiione, kwa hivyo aliyeitika ni Mary, "Nakuja, mama."