Rafu ya Baruti

Mume wangu Verlyn alianza kupoteza macho miaka mitatu kabla ya ajali, na tulikuwa wawili tu tuliojua. Daktari alisema pembeni ataendelea kuona, ila kile atakachokitazama uso kwa uso kitakuwa doa. Tuliporudi nyumbani akaniomba binti yetu Renae asiambiwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo nalijua, lakini nimeishi na mwanamume huyu miaka arobaini na mmoja na nilijua angekufa kwa fedheha kwanza. Nikanyamaza. Kunyamaza ni kazi ninayoiweza.

Huku kwetu magharibi ya Dakota Kusini, ndama wakishazaliwa na kusimama, wanaume huwageukia vijibwa. Vijibwa wa mbugani si mbwa hata kidogo. Ni ndugu wa kindi, wanene, wanaobweka kutwa, na wanakula nyasi mpaka mizizi kisha wanatoboa malisho mashimo. Farasi akitumbukiza mguu humo, mpige risasi ya huruma na uende nyumbani kwa miguu. Na mwanamume wa huku anayejiheshimu hanunui dukani risasi za vijibwa. Anazijaza mwenyewe, moja moja, kwenye meza iliyo katika chumba cha chini ya nyumba, halafu anajisifu kanisani kama mwanamke anavyojisifia pai yake.

Verlyn alikuwa bingwa wao. Macho yalipokwenda alimpa bunduki yake mkwe wetu Darrin, akasingizia bega. Lakini kujaza hakuacha. Wajazaji wana mwiko wao, kwamba risasi za mtu mmoja haziingii kwenye bunduki ya mwingine. Yeye alijitetea kwamba bunduki ile bado anaijua kuliko anavyonijua mimi, na nadhani alisema kweli. Hakuwa na kitu kingine kilichombakia. Gari alikwisha kuacha kuendesha, gazeti nilimsomea mimi, hata ng'ombe aliwatambua kwa sauti.

Mwezi wa tatu aliniita chini nimsomee kitabu cha vipimo. Vichwa vya risasi alikwisha kuchagua, vile vyepesi vyenye ncha ya plastiki, vinavyopasuka vikigusa tu, visije vikaruka juu ya jiwe na kumfikia ng'ombe wa jirani. Maganda yalikuwa ya kiwanda kimoja, yote yamewahi kupigwa kwenye bunduki ileile. Fataki za kuwashia alichagua za kawaida. Palibakia baruti.

"Soma tena hapo, bibie," alisema.

"Nimesoma mara tatu. Au na masikio nayo yamekwenda?"

"Masikio yapo. Wewe ndiye unasoma kama unakimbizwa."

Miaka yote alitumia baruti ya vijiti, vidogo kama mkaa wa ncha ya penseli uliokatwakatwa. Aliupenda utulivu wa kuwaka kwake. Lakini vijiti hukwama kwenye mashine ya kupimia, mara vizidi, mara vipungue, kwa hiyo kila risasi lazima ipimwe kwenye mizani, na mizani hakuiona tena. Nikamwambia nitamsomea mizani kama ninavyomsomea kitabu.

"Tukifika hapo," alisema, "anayejaza ni wewe. Mimi nitakuwa nimekaa tu kama gunia."

Basi nikamshauri ile nyingine iliyotajwa kitabuni, ya chembe za mviringo, inayomiminika kama sukari. Ndiyo, mimi ndiye niliyeshauri. Alifikiri sana. Tatizo, alisema, baruti ya bastola yake nayo ilikuwa ya chembe, kwenye kopo la namna ileile. Vijiti vidole vyake vilivijua. Chembe na chembe vidole havitofautishi. Na baruti ya bastola huwaka upesi mno. Kuijaza ndani ya ganda la bunduki kwa kipimo cha bunduki ni kutengeneza bomu. Mwishowe akaamua. Kopo la bunduki litakaa kulia mwa rafu, la bastola kushoto. Alinionyesha kwa mkono. Nilisikia kama mke anavyomsikia mumewe akieleza mambo ya karakana.

Tuliinunua, akaifunga mashine kwenye kipimo, nami nikasoma mizani kwa risasi kumi za mwanzo. Hazikupishana hata kidogo. Alifurahi siku hiyo kiasi cha kuimba, na huyu ni mtu asiyeimba hata kanisani.

Ajali ilitokea mwezi wa tano. Darrin alilala kifudifudi juu ya kilima cha malisho yao akiwalenga vijibwa, Renae akiwa ndani ya gari na mtoto wao Kinsey amelala. Risasi ya kwanza kabisa ya boksi jipya alilojaza Verlyn ilipasua bunduki. Ilimng'oa jicho la kulia na vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Renae alimkokota mwenyewe hadi kwenye gari, akaendesha maili thelathini na nane mpaka hospitali, mtoto akilia nyuma njia nzima. Alipotupigia simu, sauti yake ilikuwa kavu kama anaagiza chakula cha ng'ombe.

Siku ya nne mimi, Verlyn na Renae tukaenda kwa fundi wa bunduki mjini, mzee Eldon, na risasi arobaini na tisa zilizobaki. Aling'oa vichwa vya risasi sita, akamwaga baruti kwenye kisahani, akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Kisha akavua miwani. Alisema hii ni ya bastola, na zote sita ni hivyohivyo.

Verlyn hakungoja kuulizwa. Alisema mbele ya fundi na mbele ya binti yake kwamba macho yake yamekufa tangu miaka mitatu, kwamba alijaza kwa kupapasa, na kwamba alimficha kila mtu.

"Hata mama yako," alimwambia Renae. "Yeye hajui kitu."

"Miaka mitatu, Baba," Renae alisema. "Na ukampa Darrin."

Akatoka. Siku ileile alinipigia simu akasema mlango wake uko wazi kwangu, ila Baba asije. Asimwone Darrin, asimguse Kinsey, wala kadi ya Krismasi asilete.

Kwa fundi pale nilidhani Verlyn ananikinga kwa kunyamaza kwangu tu. Ni wakati wa kurudi, nikiwa kwenye usukani, ndipo lilinijia jambo jingine, na nikasimamisha gari kando ya barabara. Jumamosi kabla hajajaza boksi lile, akina mama wa kanisa walikuwa waje kuchukua birika kubwa la kahawa lililokaa chini ya nyumba. Sikutaka waone vumbi. Nilishusha kila kitu kwenye rafu ya Verlyn, nikafuta kwa kitambaa, nikarudisha. Kopo lipi kulia, lipi kushoto? Sikumbuki. Nilikuwa nawaza vikombe.

Verlyn aliniuliza mbona tumesimama. Nikasema nimeona kulungu.

Nilikaa na neno hilo wiki sita. Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Renae, nikala, nikambeba Kinsey, nikarudi kwa mzee aliyekaa jikoni amevaa shati lake la kanisani. Hakuuliza chochote isipokuwa kama mtoto ameongeza maneno. Nilikuwa namwibia mjukuu wake, na yeye ananishukuru kwa habari. Kuna siku nilijichukia hadi nikashindwa kula mbele yake.

Jumapili moja, kabla sijaondoka, nikamkuta anamenya viazi kwa kupapasa, nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote: akina mama, kitambaa, makopo. Alimaliza kiazi alichoshika.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Tangu kwa Eldon najua. Miaka arobaini sijakosea kulia na kushoto, Ardis. Na nyumba hii tuko wawili tu."

Nikamwambia nakwenda kumweleza Renae sasa hivi. Akanishika kiganja kwa mkono wake wenye maji.

"Ukisema, atafunga mlango kwa wote wawili. Mimi hatanifungulia hata ukisema. Nilijaza nikiwa kipofu, hilo linabaki palepale. Mtoto abaki na bibi."

"Na wewe ubaki na nini?"

"Nenda, utachelewa chakula."

Nikaenda. Sijui niseme nilimtii au nilifurahi kuamriwa. Nadhani nilifurahi, Mungu anisamehe.

Renae alikuwa ameoka nyama ya ng'ombe na viazi. Darrin alikaa upande ambao jicho lake zima linaweza kuona mlango. Mkono wa kushoto aliuweka chini ya meza. Renae alimkatia nyama vipande vidogo, akamsogezea sahani bila neno, kisha akaikata ya Kinsey vilevile, kwa kisu kilekile. Darrin alijaribu kunitania kwamba sasa vijibwa wa kaunti nzima wanamwombea maisha marefu. Hakuna aliyecheka. Akaniuliza mzee anaendeleaje, nikajibu yupo. Renae akaweka kisu chini.

"Mama, nataka nikuulize kitu, kisha sitauliza tena," alisema. "Umelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo. Kweli hukujua?"

Darrin aliacha kutafuna. Wote watatu walinitazama, mtoto pia.

"Sikujua," nikasema.

Renae akaanza kulia, mara ya kwanza tangu ajali. Alisema alikuwa anaogopa kuuliza, maana kama ningekuwa najua, asingebakiwa na mzazi hata mmoja. Akamnyanyua Kinsey kwenye kiti chake, akaja naye upande wangu wa meza, akaniwekea mapajani. Nikampokea kwa mikono miwili.